Kupiga rangi kesi ya desktopu nyumbani: mwongozo kamili kuanzia bisibisi mpaka klia

Desktopu nyingi zilizoko majumbani huku kwetu ni zile used za ofisini, Dell OptiPlex au HP, nyeusi au kijivu, ndani bado nzima kabisa ila nje zimechubuka, zina gundi ya stika za kampuni ya zamani na kutu kidogo kule nyuma. Mtu atakwambia si ununue tu kesi mpya uhamishie vitu. Sawa, ila hizi mashine za ofisini mara nyingi mazabodi zake hazifuati ATX, yaani vipimo vya kawaida vya mazabodi na kesi za dukani, waya za swichi ya mbele zina plagi yake ya peke yake, na pawa saplai za HP nyingi ndo kabisa zina umbo lake, kwahiyo ukihamisha unajikuta unanunua na pawa saplai juu yake halafu unabahatisha waya. Kesi unayo tayari, ibadilishe hiyohiyo.

Nikwambie mapema, kupuliza rangi ndo sehemu fupi kuliko zote. Kazi yenyewe ni msasa, usafi na kusubiri ikauke, na hapo kwenye kusubiri ndo wengi wanapoharibu. Tenga kama wiki na nusu ambayo hiyo kompyuta huihitaji, kama unaitegemea kwa kazi za kila siku basi subiri likizo.

VITU VYA KUWA NAVYO

Bisibisi ya nyota, na kama ni HP ya ofisini tafuta ya Torx T15 (nyota ya ncha sita) ila usijali ukikosa, skrubu zake zina mfereji pia, bisibisi bapa inaingia. Msasa wa maji namba 320, 400, 600, na kama unataka rangi ing'ae kama gari ongeza 1500 na 2000. Masking tepu nzuri (zile za bei ya kutupa zinaacha gundi), magazeti, sabuni ya kuoshea vyombo, spiriti, vitambaa visivyotoa nyuzi, praima (rangi ya chini ya kushikisha), rangi, klia (ile angavu ya juu ya kulinda), zote tatu za makopo ya kupuliza. Kwa kesi ya saizi ya kati ukipiga nje tu kopo moja la praima la mililita 400, mawili ya rangi na moja au mawili ya klia yanatosha, ukitaka na ndani zidisha. Nunua praima, rangi na klia za kampuni moja na za aina moja, hili sio la kupuuza, ntakuja kulielezea. Dar utavipata Kariakoo na maduka ya rangi za magari, Nairobi nenda Kirinyaga Road.

Kuhusu barakoa: zile za kitambaa tulizovaa wakati wa korona hazizuii mvuke wa rangi hata kidogo, zinazuia chembechembe tu tena kwa kubabaisha. Inayotakiwa ni ile ya mpira yenye vichujio vya kaboni pembeni. Na kama fundi wa magari atakuuzia klia ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha) ukapige mwenyewe uani, kataa, ile ina isosayaneti inayoharibu mapafu, hiyo mwachie mwenye vifaa vyake. Wewe tumia klia ya kopo ya kawaida.

KUVUA KILA KITU

Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza swichi ya kuwasha sekunde kadhaa umalizie umeme uliobaki. Gusa chuma cha kesi kabla hujashika ramu au mazabodi ili umeme tuli wa mwilini uishie hapo. Piga picha na simu kabla ya kuchomoa chochote, sio picha moja ya jumla, piga kila plagi kwa karibu, hasa ule msururu wa waya ndogo za swichi na taa za mbele, kesho yake hutakumbuka wa kijani ulikaa upande gani.

Toa hadidiski, kadi, pawa saplai, feni, mwisho mazabodi. Skrubu zitenganishe, za draivu ya CD/DVD na za kesi mara nyingi hazifanani uzi, ukilazimisha unaharibu tundu, so ziweke kwenye vifuko tofauti uandike juu. Pawa saplai usiifungue eti upige rangi boksi lake, ndani kuna kapasita zinazobaki na volti 300 na ushee hata baada ya kuchomoa. Dell nyingi zina kiswichi kidogo pembeni kinachojua mfuniko umefunguliwa, kitoe taratibu na ukumbuke kukirudisha, la sivyo kila ukiwasha inakupigia kelele kwamba mfuniko ulifunguliwa.

Uso wa mbele wa plastiki umeshikwa na vimeno, visukume kwa ndani huku unavuta kidogo kidogo. Plastiki ya zamani imekauka, kimeno kikikatika hakirudi. Trei za hadidiski zilizopigwa ribiti ziache hapohapo kama huna bunduki ya ribiti. Ukiwa nayo, zitoboe kwa keekee ya milimita 3.2, nyingi ni saizi hiyo, na utarudishia mpya za namba hiyohiyo.

KUKATA, KAMA UNAKATA

Kila tundu, kila dirisha, linakatwa kabla rangi haijagusa chuma. Swali ni unataka nini. Mimi nikiona mtu anakimbilia dirisha la kioo wakati kesi yake haina hata feni ya mbele nashangaa, joto la Dar na vumbi letu hili, ongeza hewa kwanza urembo ufuate. Kesi za ofisini nyingi zina feni moja ya nyuma tu, ukiongeza moja mbele inayovuta ndani mashine inapumua.

Vipimo ni hivi. Feni ya 120 mashimo yake ya skrubu yanaachana milimita 105 kutoka kati hadi kati na tundu kubwa ni kama 114 mpaka 116, ya 92 ni 82.5, ya 80 ni 71.5. Bandika masking tepu eneo lote, chora juu yake kwa bikari, pima mara ya pili ukiwa umeishika feni yenyewe pale, halafu angalia nyuma ya hilo eneo hakuna hadidiski au waya itakayogusa mapanga. Bati la kesi ni jembamba, nusu milimita mpaka 0.8 hivi, kwahiyo huhitaji mashine kubwa, toboa vitundu vidogo vilivyofuatana kwa ndani ya mstari, unganisha kwa mkasi wa bati, malizia na tupa ya nusu duara. Jigsoo yenye kisu cha chuma cha meno madogo inafanya vizuri zaidi. Grinda kwenye mviringo inachafua tu, na cheche zake zinachimba pale usipotaka. Vaa miwani na glavu, ukingo wa bati hilo unakata mkono hujasikia hata maumivu, na ukimaliza upige tupa mpaka kidole kipite bila kukwama.

Dirisha ukitaka, perspeksi (plastiki angavu kama kioo) ya milimita 3 inatosha, wale wanaotengeneza mabango ya maduka wana vipande vilivyobaki, omba wakukatie hukohuko. Ile karatasi inayofunika usiitoe mpaka siku ya mwisho. Toboa taratibu, tundu liwe kubwa kidogo kuliko skrubu kwasababu perspeksi inatanuka na joto, na usiifute kwa spiriti wala thina, inapasuka vinywele vinywele, maji na sabuni basi.

MSASA NA USAFI

Osha kwanza ndo upige msasa, sio kinyume. Ukipiga msasa juu ya mafuta ya mikono unayasukumia ndani ya mikwaruzo. Osha kwa sabuni na maji, suuza, anika juani mpaka maji yatoke kwenye mikunjo ya bati, yanajificha mule halafu yanachuruzika siku unapuliza.

Sasa msasa, na hapa wengi wanajichosha bure. Huhitaji kufika kwenye chuma cheupe. Rangi ya kiwandani imeshika kuliko yoyote utakayopiga wewe, we iondolee mng'ao tu kwa 320 kisha 400 na maji, iwe imefifia sawasawa kila mahali, hakuna sehemu inayong'aa. Tena bati la kesi limepakwa zinki, na rangi ya mafuta ikipigwa moja kwa moja kwenye zinki inafanya nayo kitu kama sabuni pale katikati, baada ya miezi inabanduka vipande vizima. Kwahiyo pale ulipotoboka mpaka chuma, na kwenye kingo ulizokata, papitishie kwanza praima ya mabati au ya kung'ata chuma. Kutu piga brashi ya waya mpaka iishe, usiifunike, hasa wa Tanga, Mombasa na Zanzibar ambako chumvi ya hewani imeshaanza kazi. Mikwaruzo ya kina na mashimo ya nembo yajaze kwa filla, ikauke, msasa tena.

Baada ya hapo futa vumbi, futa kwa spiriti, na kuanzia hapo usishike uso wa bati kwa mkono mtupu. Petroli usitumie, inaacha mafuta na ni hatari. Na kama chumbani kuna mtu anapuliza zile dawa za kung'arisha dashibodi, mwambie aende mbali, silikoni kidogo tu ikitua kwenye bati rangi inakimbia na kuacha vijishimo vya mviringo ambavyo hata upige koti (tabaka) kumi haviishi.

Ziba sasa. Nyuzi zote za skrubu, ama kwa skrubu za zamani ama kwa vipande vya tepu vilivyosokotwa. Halafu, na hili naomba ulishike, ziba sehemu ambazo chuma lazima kiguse chuma: pale vinguzo vya mazabodi vinapokaa, pale pawa saplai inapofungwa, na ukingo wa lile tundu la nyuma la plagi. Kesi inapata ethi yake kupitia boksi la pawa saplai, ukifunika kote kwa rangi umeikata.

HALI YA HEWA

Dar piga asubuhi, saa 3 mpaka saa 5, umande umeshakauka na upepo wa bahari haujaanza kurusha mchanga. Mvua ikiwa imetoka kunyesha au hewa imelowa, acha, unyevu ukinaswa kwenye rangi inatokea ukungu mweupe kama maziwa hasa kwenye nyeusi na klia. Masika ahirisha tu. Jua la moja kwa moja pia hapana, bati likiwa la moto rangi inakauka kabla haijatandaa. Wa Mbeya, Njombe au Limuru shida yenu ni baridi, liweke kopo kwenye maji ya vuguvugu dakika kadhaa (vuguvugu, sio ya kuchemka, na kamwe sio juu ya jiko).

Pulizia nje au kwenye kibaraza kilicho wazi. Gesi inayosukuma rangi inawaka moto, so jiko la mkaa la jirani, sigara, taa ya moto, vyote viwe mbali. Na angalia kamba ya nguo, rangi nyeusi kwenye shuka nyeupe za mama mwenye nyumba ni kesi nyingine hiyo, tena sio ya kompyuta. Mwaga maji chini kidogo vumbi litulie.

KUPULIZA

Tikisa kopo dakika 2 nzima baada ya kusikia kigololi, jaribu kwenye gazeti. Umbali sentimita 20 mpaka 30. Anza kupuliza nje ya bati, pita, achia nje ya bati upande wa pili, kila mstari ufunike nusu ya uliopita, mkono uende sambamba na bati, sio kuzungusha kwa kiwiko. Koti la kwanza la praima liwe ukungu tu, bado unaona rangi ya zamani, usihangaike kufunika. Subiri dakika 10 mpaka 15, la pili, la tatu. Iache ikauke vizuri, piga 600 na maji kwa mkono mwepesi, futa, subiri maji yakauke kabisa.

Rangi ni mtindo huohuo, makoti matatu au manne membamba. Tamaa ya kufunika kwa koti moja ndo inaleta michirizi. Ukipata mchirizi usiuguse kwa kidole, acha ukauke mpaka kesho, upige 600, rudia hapo.

Sasa lile suala la kampuni moja. Kuna rangi za enameli, zile za mafuta, zinazokauka taratibu na kuna zile za kukauka haraka zenye thina kali. Ukipiga ya thina kali juu ya enameli ambayo haijaiva inajikunja kama ngozi ya mzee, hakuna dawa zaidi ya kukwangua yote. Hata enameli kwa enameli makopo mengi yana sharti, utasoma kwamba urudie ndani ya saa moja au usubiri siku moja au mbili ndo urudie, pale katikati ndo pa hatari. Soma kopo lako kwa macho yako, usimwulize muuzaji.

Kama hutaki makopo kuna njia nyingine nzuri tu. Fanya msasa na kuziba mwenyewe, halafu peleka mabati kwa fundi rangi wa magari, muulize wiki hiyo anapiga gari la rangi gani, ukikubali rangi anayochanganya tayari anaweza kukupunguzia kwasababu anapitisha bunduki mara mbili tu na anakupa na klia yake ya kweli. Brashi nayo usiidharau. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar miaka ya 1960 alitumia enameli za baiskeli juu ya hadibodi, rangi za kawaida za dukani, na mchoro wa mkono juu ya bati la kesi kwa enameli hizo unakaa vizuri mno. Stika pia ni njia, wale wanaovalisha bodaboda na bajaji wanaweza kukuvalisha na kesi, usafi uleule, joto la draya ya nywele kwenye kona, ila isizibe matundu ya hewa.

MCHORO

Kesi ya rangi moja imeshaonekana sana. Ubavu wa kesi una umbo la kuchezea, mimi napenda mpangilio wa kanga: pindo linazunguka, mji katikati, jina chini. Chora korosho kubwa katikati, chini uandike maneno yako, hata fumbo la kumsema anayekuazima kompyuta bila kurudisha. Mwenye mashine ya kukatia stika atakukatia mchoro, unabandika, unapuliza juu yake. Siri ya mstari kuwa safi ni hii: ukishabandika, puliza kwanza koti jembamba la rangi ileile ya chini, linaziba vinafasi vya ukingo, halafu ndo rangi ya mchoro. Stika ivue rangi ikiwa haijawa ngumu, ivute ikijikunja kurudi nyuma, sio kuinyanyua juu.

PLASTIKI YA MBELE

Toa vichujio, taa na vitufe. Sabuni na maji, spiriti kidogo, thina usiisogeze kabisa inayeyusha plastiki. Msasa anza na 400, ukianza na namba ya chini mikwaruzo itaonekana mpaka mwisho. Tumia praima ya plastiki inayouzwa kwa bampa za magari, bila hiyo rangi inatoka kwa kucha. Kitufe cha kuwashia kipige rangi kikiwa pembeni, koti jembamba sana, unene ukizidi kinakwama kikibonyezwa na kompyuta itakuwa inajizima yenyewe.

KLIA

Makoti mawili matatu, utaratibu uleule. Baadae ndo kusubiri. Ikishikika kwa kidole baada ya saa moja haimaanishi imeiva, ndani bado laini, ukiweka kesi juu ya meza leo kesho ina alama za meza. Ipe wiki, kwenye hewa, sehemu isiyo na vumbi. Ukitaka mng'ao, baada ya klia kukomaa piga 1500 na maji, kisha 2000, kisha kompaundi ya magari kwa kitambaa laini, na kwenye kona pita kwa heshima maana pale rangi ni nyembamba. Rangi mati (isiyong'aa) usiisugue wala usiipigishe kompaundi, inakuwa na mabaka.

KURUDISHA

Vua tepu zote, hakikisha pale ulipoziba ni chuma kitupu, kama rangi imepenya kwangua. Kama una mita ya umeme, iweke kwenye kipimo cha mlio upime kati ya chuma cha ndani cha kesi na pini ya ethi ya pawa saplai, inatakiwa ilie. Na wale ambao wakigusa kesi inawatekenya mkono, hiyo sio kesi, ni ethi ya nyumba au ile ekstensheni ya pini mbili, vichujio vya pawa saplai vinavujisha umeme kidogo kwenye boksi na hauna pa kwenda. Rangi mpya itaficha tu tatizo, mwite fundi umeme.

Rudisha mazabodi, feni, pawa saplai kwa kufuata picha zako. HP ukisahau feni ya kesi inakuletea erra 512 kwenye kioo. Skrubu za nje zifunge kwa mkono, ukizikaza kwa nguvu zinapasua rangi mduara.

Taa za urembo (RGB), kama ni lazima: za pini 4 ni volti 12 na za pini 3 ni volti 5, usizibadilishane. Mazabodi za ofisini hazina plagi ya taa, so nunua mkanda wenye kontrola na plagi ya SATA au Molex, kwenye Molex waya wa njano ni 12, mwekundu ni 5, mweusi ethi. Mkanda wa rangi nyingi wa taa 60 kwa mita unakula kama wati 14 kwa mita, nusu mita ndani ya kesi inatosha na ushee, usining'inize mita tano kwenye pawa saplai ya wati 240.

Mbele kwenye feni mpya weka kipande cha neti ya dirisha kwa ndani kama kichujio, kisafishe kila mwezi, ila angalia joto la prosesa kabla na baada, likipanda sana neti hiyo ni nzito, tafuta yenye matundu makubwa. Wiki mbili za kwanza futa kesi kwa kitambaa chenye maji tu, sabuni na spiriti ziache kwanza.